Chakula chenyewe kinakuja lini?

Hilo swali nimelisikia kwa karibu kila Mswahili niliyekaa naye kula meze, vile visahani vidogo vya Kigiriki vinavyoliwa kwa pamoja, hapa Athens. Na haliulizwi kwa ubaya, mtu amekaa pale saa nzima anaona visahani vinakuja, mara mtindi wenye matango na kitunguu saumu, mara kipande cha jibini la moto, mara visamaki vya kukaanga, na kichwani anapiga hesabu kwamba hivi vyote ni vya kuchangamsha mdomo tu, wali au kuku mzima bado yuko jikoni. Hayuko. Hivyo visahani ndio chakula chenyewe, vyote, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, na mtu asipoelewa hilo mapema anaondoka mezani analalamika kwamba Wagiriki hawajui kushibisha mtu, wakati shida ni kwamba alikaa anasubiri kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango.

Nadhani lawama kubwa iende kwa migahawa ya Kigiriki ya nje ya Ugiriki, ile ya London na Dubai na kwingineko, maana kule meze zimewekwa ukurasa wa kwanza wa menyu kama vitu vya kuanzia, halafu ukurasa wa pili ndio kuna masahani makubwa ya musaka, bilinganya zilizookwa na nyama ya kusaga, na ya nyama, kila mtu na lake. Hapa Athens ukiingia kwenye mgahawa wa meze, hasa ile ya mitaani ambayo watalii hawafiki sana, mpangilio ni mwingine kabisa, unaletewa sahani tupu ndogo, uma, kikapu cha mkate, jagi la maji, na katikati ya meza panaachwa wazi. Hapo katikati ndipo mambo yote yanapotokea.

Wiki iliyopita tulikuwa meza moja ya hivyo pale Kypseli, mtaa ambao Waafrika wengi wanaishi, Watanzania tukiwemo, nje kabisa kwenye lami chini ya miti, saa tatu na nusu usiku na bado joto. Kwa Wagiriki saa tatu na nusu ni mapema tu, kiangazi watu wanaanza kula saa nne na watoto wapo hapohapo wanakimbizana. Tulikuwa mimi, kaka mmoja wa Temeke ambaye alifika Piraeus, bandari ya Athens, enzi zile za kupanda meli na hajaondoka tena, dada wa Mombasa aliyekuja kutembea kutoka Uingereza, rafiki yetu Mgiriki ninayefanya naye kazi, na mama yake mzazi. Huyu mama ndiye sababu ya makala hii. Alizaliwa Korogwe.

Si jambo la ajabu sana kama mtu anavyofikiri. Wagiriki walikuwa wengi kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika, Tanga, Morogoro, na wengine kwenye kahawa huko Moshi na Arusha, na hadi leo Dar es Salaam na Arusha kuna makanisa yao ya Kiorthodoksi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa na familia nyingi zikaondoka, ya kwake ikiwemo. Kwa hiyo ukimsalimia shikamoo anakuitikia marahaba kwa lafudhi ya Tanga kabisa, mimi mwenyewe ni mtu wa Muheza na mara ya kwanza nilimsikia nikageuka nyuma kuangalia ni nani anaongea.

Sasa tumekaa, weita kaja, na sisi kama kawaida kila mtu ameshika menyu anachagua chake, kaka wa Temeke ameshasema yeye atachukua ngisi, dada wa Mombasa anauliza kama kuna sahani ya mboga. Mama akakusanya menyu zote akaziweka upande wake. Akasema, "Watoto, hapa haagizi kila mtu chake. Anaagiza mmoja." Halafu akamwambia weita vitu vinne tu. Vinne, kwa watu watano. Weita alipouliza kama aandike na vingine mama akamwambia tutakuita.

Hiyo ndiyo kanuni ambayo naona watu wengi hawaijui na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Meze haziagizwi kwa mkupuo. Ukiagiza kumi na mbili kwa pamoja, jikoni watazitoa zikiwa tayari, meza inajaa, vya moto vinapoa, mnakula haraka haraka mkikimbizana na ubaridi, na ndani ya dakika arobaini mmemaliza na hamna cha kukalia tena. Ukiagiza kidogo kidogo unakuwa na sababu ya kukaa. Sisi watu wa pwani kula pamoja tunakujua vizuri, sinia moja watu wanne, lakini sinia linakuja lote kwa wakati mmoja na likija watu wananyamaza wanakula, maongezi yanarudi baada ya kunawa. Kwenye meze maongezi hayakatiki, kwa sababu hakuna kipindi ambacho mdomo umejaa kwa muda mrefu, unachovya mkate, unaongea, unasikiliza, unachukua zeituni moja, unaongea tena, na chakula kinafuata mwendo wa maongezi badala ya maongezi kusubiri chakula kiishe.

Vile vinne vya kwanza vilikuwa vya baridi. Zaziki, ambayo ni mtindi mzito uliochujwa maji pamoja na tango lililokunwa na kukamuliwa, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Melizanosalata, bilinganya zilizochomwa mpaka ganda likaungua halafu nyama yake ikapondwa na limau, na ukiipata iliyochomwa kwenye makaa kweli, siyo kwenye oveni, unaisikia moshi kabla hujameza. Fava, ambayo wengi wanadhani ni maharage, siyo, ni mbegu za njano jamii ya kunde zinazofanana na dengu zilizobanguliwa, zinachemshwa mpaka zinakuwa uji mzito, juu vitunguu na mafuta, na ile ya kisiwa cha Santorini inalindwa kwa sheria ya Ulaya kwa jina lake. Na saladi ya kijijini, horiatiki. Hii ya mwisho niisemee kidogo maana huko nje imeharibiwa sana: haina majani ya letusi. Ni nyanya zilizoiva kwelikweli, tango, kitunguu, pilipili hoho, zeituni, na juu kipande kizima cha feta, hakijakatwakatwa, kimenyunyiziwa rigani (oregano) kavu na mafuta, na mnakivunja wenyewe kwa uma kila mtu upande wake. Mafuta na maji ya nyanya yanayobaki chini hayaachwi, ndio kazi ya mkate.

Feta yenyewe ina historia ya mahakamani. Denmark na Ujerumani zilikuwa zinatengeneza jibini la maziwa ya ng'ombe zinaliita feta, Ulaya ikalisajili jina kwa ajili ya Ugiriki 2002, kesi ikaenda mpaka 2005 Mahakama ya Ulaya ikaamua feta ni ya Ugiriki peke yake, na 2022 Denmark ikashindwa tena kwa kuacha kampuni zake ziuze nje ya Ulaya kwa jina hilohilo. Ya kweli inatengenezwa kwa maziwa ya kondoo, ya mbuzi yasizidi asilimia 30, na inakaa kwenye maji ya chumvi si chini ya miezi miwili. Ukiionja hiyo huwezi kurudi kwenye vile vipande vyeupe vya ng'ombe vyenye ladha ya chumvi tupu.

Hapo ndipo kaka wa Temeke akauliza lile swali. Chakula chenyewe kinakuja lini? Mama hakucheka wala hakukasirika, akamsogezea mkate akamwambia, "Unakula sasa, baba. Hiki ndicho." Na akamwita weita.

Awamu ya pili ikawa ya moto isiyo na nyama. Katlesi ndogo za zukini na mnanaa. Maharage makubwa meupe, gigantes, yaliyookwa na nyanya mpaka ngozi imelainika na ndani yamekuwa kama siagi. Na saganaki, jibini gumu linalopakwa unga na kukaangwa mpaka linapata ukoko, likifika mezani unakamua limau na mnalikimbilia maana likipoa linakuwa gumu. Dada wa Mombasa akasubiri liwashwe moto. Hapa kwa kawaida haliwashwi moto, ule mtindo wa kulimwagia pombe na kuliwasha huku watu wanapiga kelele ulianzia kwenye migahawa ya Wagiriki wa Chicago miaka ya 1960, na huko ukawa maarufu mpaka watu wakadhani ndio Ugiriki. Kuvunja masahani nako sijakuona kwenye mgahawa wowote wa mtaani.

Dada mwenyewe alikuja na wasiwasi wa halali, na hii naomba wasomaji Waislamu mnisikilize vizuri. Nyama ya kawaida ya Ugiriki ni kitimoto. Souvlaki, mishikaki yao, ukiagiza bila kuuliza mara nyingi ni nguruwe, soseji ni nguruwe, na vile vimpira vya nyama vya keftedakia vinachanganywa ng'ombe na nguruwe kwenye nyumba nyingi, kwa hiyo uliza, na hata ng'ombe mwenyewe hakuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu. Lakini meze ndiyo sehemu ya jiko la Kigiriki ambayo Mwislamu anakula kwa nafasi kuliko sehemu nyingine yoyote, na sababu yake ni dini yao wenyewe. Waorthodoksi wana siku nyingi sana za kufunga kwa mwaka, na kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, mayai na samaki, ila vitu vya baharini visivyo na damu, pweza, ngisi, kome, kamba, vinaruhusiwa. Kwa karne nyingi wapishi wamelazimika kutafuta ladha kwenye kunde, mboga, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, mafuta ya zeituni na pweza. Dada akala usiku kucha bila kugusa nyama na alishiba kuliko sisi.

Upande wa kinywaji, waliokunywa walikunywa uzo na asiyekunywa alikuwa na maji ya limau, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Uzo ni pombe kali yenye anisi, mbegu za harufu tamu, ukiimwagia maji inageuka nyeupe kama maziwa palepale, kwa sababu mafuta ya anisi yanayeyuka kwenye pombe lakini kwenye maji hayayeyuki, yanatoka yanaelea vitone vidogo vidogo. Wagiriki hawainywi bila kitu cha kutafuna, na hilo ni jambo ninaloliheshimu sana kwao, kinywaji kimefungwa kwenye chakula na chakula kimefungwa kwenye watu. Volos, mji wa bandari kaskazini ya Athens, wamelifikisha mbali zaidi. Kule unaagiza kichupa kidogo cha tsipuro, pombe ya makapi ya zabibu, na chakula huchagui, kila kichupa kinakuja na kisahani chake, ukiagiza kingine kinakuja kisahani kingine tofauti, na kadiri mnavyoendelea kukaa jikoni wanazidi kutoa vitu vizuri. Desturi hiyo inahusishwa na wakimbizi waliofika kutoka Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, na wafanyakazi wa bandarini, na mpaka leo watu wanasafiri kwenda Volos kwa ajili hiyo tu.

Wakimbizi hao ndio walionirudisha kwa mama. Maana awamu ya tatu ilikuwa ya bahari, gavro, visamaki jamii ya dagaa, vya kukaanga unavila na mifupa, na pweza wa makaa aliyekatwa mkono mmoja mzima na kunyunyiziwa siki. Hapa wanamtundika juani akauke kwanza kabla ya kumchoma, ndiyo maana nyama inakuwa na ladha nzito na haitoi maji kwenye moto, na mimi niliyekula pweza wa pwani maisha yangu yote nakubali kwamba kwa kuchoma wametuzidi, kwa supu bado wana safari ndefu. Tukala, tukaongea, dada akasimulia habari za ndoa ya mdogo wake, kaka akaeleza jinsi Piraeus ilivyokuwa alipofika, na ikafika saa sita kasoro bila mtu kuangalia simu. Halafu mama akaagiza kitu kimoja cha mwisho kwa ajili ya waliokuwa wanakula nyama, sutsukakia za ng'ombe, alishamuuliza weita kama hazina nguruwe.

Ni vipande virefu vya nyama ya kusaga vilivyopikwa kwenye mchuzi wa nyanya. Nikaweka kimoja mdomoni na nikajua hiyo harufu kabla sijajua nakula nini. Bizari nyembamba. Bizari nyembamba na kitunguu saumu, harufu ya pilau inapoanza kukaangwa, kwenye meza ya Athens ambako viungo vyao vya kila siku ni rigani na mdalasini, lakini bizari hukutani nayo hivihivi.

Mama akaniona. Akaniambia babu na bibi yake walikuwa wa Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir na uko Uturuki. Septemba 1922 mji uliungua, na mwaka uliofuata mkataba wa Lausanne ukabadilishana watu kwa nguvu, Wakristo wa Kiorthodoksi zaidi ya milioni moja wakaja Ugiriki na Waislamu wa huku karibu laki nne wakapelekwa Uturuki, watu waliohesabiwa kwa dini yao siyo kwa lugha wala kwa kaburi la babu zao. Waliofika hapa walikuja na jiko lao, na sutsukakia za Smyrna na bizari yake ni mojawapo. Familia yake haikukaa sana Ugiriki, kulikuwa na umaskini na watu walijaa, wakasikia kuna kazi ya mkonge Tanganyika. Na huko Korogwe mama yake mzazi alipotaka kupika chakula cha Smyrna hakupata shida yoyote ya bizari. Alikuwa anaagiza kwenye maduka ya Wahindi pale Tanga mjini, tele, nzuri kuliko aliyokuwa anaipata Athens. "Ndiyo maana mimi nikila hii," akasema, "sikumbuki Smyrna, Smyrna sijaiona. Nakumbuka Korogwe."

Meza ilinyamaza kidogo, halafu dada wa Mombasa akamuuliza kama walikuwa wanapika na nazi, mama akasema samaki wa nazi alikuwa anapika yaya wao na yeye mpaka leo anapika nyumbani kwake akipata nazi, na hapo maongezi yakachukua njia nyingine kabisa, nazi ya kukuna na nazi ya kopo, na sidhani tungefika huko kama kila mtu angekuwa na sahani yake ya kumaliza na bili ya kulipa saa nne. Mimi ndilo ninaloliona kwenye hii namna ya kula. Visahani vile vichache vichache vilitupa masaa matatu, na mama huyu anaongea polepole, ni mtu wa kuanza habari, kuiacha, kula zeituni mbili, na kuirudia. Chakula cha haraka kisingemsubiri.

Mwishoni bila kuagiza tukaletewa halva ya semolina, wengine mnaiita suji, hiyo ni zawadi ya nyumba, Wagiriki wengi wanafanya hivyo, itakuwa halva au matikiti au kikombe kidogo cha kinywaji cha mastiha, utomvu wa mti unaovunwa kusini ya kisiwa cha Chios. Halva hii msiichanganye na haluwa ya Zanzibar, ni kitu kingine, inavunjika kijikoni kama keki yenye unyevu. Kwa wanaopenda kupika, kipimo chake hakina siri, kila mama wa Kigiriki anakijua kwa namba: 1, 2, 3, 4. Kikombe 1 cha mafuta, 2 vya semolina, 3 vya sukari, 4 vya maji. Unakaanga semolina kwenye mafuta mpaka igeuke rangi ya dhahabu na harufu itoke, pembeni umechemsha sukari na maji na kijiti cha mdalasini na ganda la chungwa, unamimina kwa uangalifu maana inaruka sana, unakoroga mpaka iachie sufuria.

Bili ikaja, tukagawana sawa, ila uzo tukalipa tuliokunywa, mama alisisitiza hilo na hakutaka mjadala. Ukija Ugiriki utaona chini ya menyu imeandikwa kwamba mteja halazimiki kulipa kama hajapewa risiti halali, hiyo ni sheria, usione aibu kuidai. Na ukiona nyota au herufi tatu za Kigiriki «κατ.» pembeni ya jina la ngisi au pweza ujue ametoka kwenye friza, siyo mbaya lazima, ila kama uko ufukweni uliza kuna nini kibichi leo.

Ukiwa na wenzako watatu au wanne na hamna mama wa Korogwe mezani, chagueni mmoja aagize, asiwe yule mwenye njaa zaidi. Aanze na vitatu vya baridi na saladi moja. Mkate ukiisha ombeni mwingine. Vya moto viitwe pale sahani za kwanza zinapokaribia kuisha, siyo kabla, pweza aje akiwa peke yake ili asisahaulike, na nyama, kama mnakula nyama, ije mwisho kabisa. Na mtu akiuliza chakula chenyewe kinakuja lini, msogezeeni mkate.